Wadokozi wa Gesi: Uainishaji wa Awali wa Bunduki Zinazojipakia

Kwenye kijiwe chochote cha kahawa chenye askari mstaafu, mlinzi wa usiku na kijana aliyetazama filamu nyingi, swali la bunduki ipi haikwami litaulizwa kabla kikombe cha pili hakijamiminwa. Mstaafu ataapa kwa SMG, kama taarifa za polisi wa Tanzania zinavyoiita AK na ndugu zake. Mlinzi, kama aliwahi kukaa karibu na polisi wa Kenya, ataitaja G3. Kijana atasema M16, kwa sababu ina umbo zuri. Ushahidi utakaotolewa ni wa aina moja tu: kuna mtu aliizika kwenye tope, akaifukua, ikapiga. Jina la mtu huyo halijulikani, tope hilo halijapimwa, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini aliizika.

Makala haya yanakusudia kuupa mjadala huo kile ulichokikosa siku zote, yaani koo, madaraja na istilahi. Mwandishi hajawahi kupigana vita yoyote, jambo linalompa uhuru wa kitaaluma ambao waliopigana hawana.

Kwanza mipaka. Tunazungumzia bunduki ndefu ya nusu otomatiki: ukivuta kifyatulio inatoka risasi moja, ganda linatupwa nje, risasi nyingine inaingia chemba, na mkono wako haujagusa bolti. Lee-Enfield na Mauser za kukokwa kwa mkono haziingii humu, maana hizo zinakula jasho la mwenyewe. Zile zenye uwezo wa kumimina risasi mfululizo, kama AK na M16, zitapokewa kwa sharti la kuwekwa kwenye moja-moja. Gobore nalo limeachwa nje, ingawa mawakili wake wana hoja nzito: tangu kuumbwa kwake halijawahi kukwama kati ya risasi ya kwanza na ya pili.

Koo

Baruti ikiungua ndani ya chemba hugeuka gesi yenye shinikizo kubwa mno, na gesi hiyo ndiyo inayoifukuza risasi mtutuni. Mhandisi anataka kuipata sehemu ndogo ya nguvu hiyo ili airudishe bolti nyuma, ila risasi isipungukiwe na haki yake. Wengi wameamua kuiba. Hutoboa tundu dogo kwenye mtutu, na gesi inapopita inadokolewa kidogo, vile mtoto anavyodokoa nyama chunguni mama akiwa uani: inayomtosha, isiyoonekana. Kundi hili kubwa tunaliita Wadokozi. La pili, dogo na lenye majivuno, ni Wasiodokoa.

Wadokozi hugawanyika kwa kufuata mahali wanapodokolea. Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini limewahi kuikosesha usingizi idara nzima ya silaha ya Ujerumani.

Wadokozi wa Mdomoni huiacha gesi ifike kwenye ncha kabisa ya mtutu ndipo waidake. Babu yao ni Søren Hansen Bang wa Denmark, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 alibuni kofia ya mdomoni inayovutwa mbele na gesi inayotoka. Wazo hilo lilikuwa na heshima fulani. Mtutu unabaki mzima, haujatobolewa, na risasi imekwisha kupewa chake kabla ya mtu kuchukua chochote. Ni wizi wa mtu mwenye adabu. Wajerumani waliupenda. Walipotaka bunduki mpya ya nusu otomatiki kwa ajili ya Vita Kuu ya Pili, idara yao iliandika masharti: mtutu usitobolewe; kipande chochote kilicho juu ya bunduki kisitembee wakati wa kupiga; na mfumo ukishindwa, askari aweze kuikoka kwa mkono kama Mauser ya baba yake. Kampuni mbili ziliitikia. Mauser walitii masharti yote matatu, wakatoa G41 nzito na yenye mambo mengi, ikakataliwa. Walther walitii sharti la kwanza, wakayapuuza mawili yaliyobaki, wakapewa kazi. Wasomaji walioajiriwa serikalini watajaza wenyewe nafasi hii.

Hata hiyo ya Walther haikuwa na raha. Ilikaribia kilo 5, uzito umesogea mbele, na kofia yake ya mdomoni ililiwa na masizi na kutu. Kisha vita vikawapeleka mashariki, wakaziteka SVT-40 za Warusi, wakazifungua, wakaona tundu la kawaida kabisa kwenye mtutu na pistoni fupi juu yake. Mwaka 1943 ikatoka G43, imenakili mfumo huo. Sharti la kutotoboa mtutu lilizikwa kimyakimya.

Wamarekani walipita njia hiyohiyo kwa kelele kidogo zaidi. John Garand, mzaliwa wa Quebec aliyefanya kazi kwenye karakana ya jeshi ya Springfield, Massachusetts, alianza miaka ya 1920 na bunduki iliyoendeshwa na fataki ya kitakoni mwa risasi, kisha akahamia gesi. M1 yake iliyopokelewa na jeshi mwaka 1936 ilikuwa Mdokozi wa Mdomoni. Miaka michache baadaye ikatobolewa tundu chini ya mtutu, na hiyo ndiyo Garand ambayo dunia inaijua.

Kwa hiyo tunafika kwa Wadokozi wa Njiani, ukoo uliojaa ndugu wasiosalimiana. Nyumba ya kwanza ni Wabebaji. Pistoni yao imeungana na kibeba-bolti, na vitu hivyo viwili husafiri pamoja kwenda na kurudi. Garand yumo, na AK yumo. Kwa mbali hawafanani hata kidogo, mmoja wa mbao ndefu na mwingine na magazini yake iliyopinda. Lakini zifungue ukutane na bolti inayozunguka na kujifunga kwa meno mawili, kwa huyu na kwa yule. Garand ameiweka pistoni chini ya mtutu, Kalashnikov ameiweka juu.

Nyumba ya pili ni Watumaji. Hawa pistoni yao ni fupi, inamgonga mwenzake mara moja na kurudi kukaa, naye anaimaliza safari kwa kasi aliyopewa. SVT-40 ya Fedor Tokarev, SKS ya Sergei Simonov, FAL ya Dieudonné Saive wa Ubelgiji, wote ni Watumaji, na wote watatu hufunga bolti kwa kuinamisha kitako chake. G43 ni Mtumaji wa kunakili, na hufunga kwa namna yake.

Nyumba ya tatu, Wapulizaji, ndiyo yenye kesi nyingi. Hapa hakuna pistoni mbele kabisa. Gesi hupitishwa kwenye bomba jembamba ikaenda kumpuliza kibeba-bolti moja kwa moja. Wasweden wana Ljungman ya mwaka 1942. Wamisri wakachukua mitambo yake miaka ya 1950 wakatengeneza Hakim. Wafaransa wana MAS 49. Wamarekani wana AR-15 ya Eugene Stoner. Wapo wanaodai kwamba AR-15 si Mpulizaji halali, kwa kuwa gesi yake huingia ndani ya kibeba-bolti na bolti yenyewe ikawa pistoni. Hoja hiyo ni sahihi. Tunaiacha hapo kwa sababu ikishaanza haina mwisho.

Wasiodokoa wanategemea msukumo wa nyuma wa risasi yenyewe. Johnson ya mwaka 1941 huuachia mtutu mzima urudi nyuma kidogo, jambo ambalo ni zuri mpaka utundike singe nzito kwenye mtutu unaotembea. John Pedersen, mshindani wa Garand, alikuwa na bunduki laini iliyopendwa na wapimaji, ila risasi zake zilipaswa kupakwa nta ili maganda yasigande chembani. Huwezi kumwambia waziri wa vita kwamba ushindi unategemea nta. Wakati wa mashindano hayo Wamarekani walitaka kujua pia kama risasi ndogo inatosha, wakawalaza nguruwe kwa dawa ya usingizi mwaka 1928 wakawapiga risasi za ukubwa mbalimbali, kisha wakarudia kwa mbuzi. Risasi ndogo haikuonekana kuwa dhaifu. Mwaka 1932 Jenerali Douglas MacArthur akaamuru ibaki ile kubwa ya zamani. Nguruwe hawakuombwa maoni.

Mkubwa wa ukoo huu leo ni G3. Mizizi yake ni mradi wa Mauser wa mwisho wa vita, ukahamia Hispania, ukarudi Ujerumani, na mwaka 1959 jeshi la Ujerumani Magharibi likaipokea. Bolti yake haifungwi kabisa kwa maana ya kawaida. Inacheleweshwa na vijigurudumu viwili. Ukiokota ganda lililotoka humo utalitambua hata gizani kwa kidole. Lina mistari ya masizi iliyonyooka kutoka shingoni kushuka, na ubavuni lina kovu. Mistari inatokana na mifereji iliyochongwa chembani: kwa kuwa bolti huanza kufunguka shinikizo likiwa bado juu, ganda lingeng'ang'ania kuta na kukatika, kwa hiyo gesi inaachiwa ipite pembeni ili ganda lielee. Kovu linatokana na namna linavyotupwa. G3 haitoi ganda, inalifukuza. Askari anayesimama kulia kwa mwenzake mwenye G3 hujifunza jambo hili mara moja tu.

Tatizo la majina

Uainishaji wowote hupata ugonjwa wake, na wa kwetu unaitwa 56. China ilipoanza kutengeneza silaha za mfumo wa Kirusi katikati ya miaka ya 1950, nakala ya SKS iliitwa Aina ya 56. Nakala ya AK nayo iliitwa Aina ya 56. Nakala ya bunduki nyepesi ya rashasha, RPD, ikaitwa Aina ya 56. Mtu akikuambia babu yake alibeba "hamsini na sita", hujui kama mzee alikuwa anapiga risasi kumi au mia.

Watanzania walitatua tatizo hilo kwa herufi. Kwa waliopita JKT, SKS ni SAR, AK ni SMG, na nzito zaidi ni LMG, mambo yamekwisha. Mtaalamu wa Ulaya akisikia SMG atafikiria bunduki ndogo ya risasi za bastola, ataanza kusahihisha watu, na atabaki peke yake kwenye benchi.

Kushikika

Wanazuoni huandika sana juu ya kutegemewa na kidogo juu ya kushikika, pengine kwa sababu kutegemewa kunaweza kujadiliwa ukiwa umekaa.

Garand ina kilo 4.3 na inapokea klipu ya risasi 8, nzima nzima, kutoka juu. Kuipakia ni kitendo cha imani. Bolti imerudi nyuma na imeshikwa. Unaisukuma klipu kwa gumba la kulia, na ubavu wa mkono huohuo unapaswa kukizuia kishikio cha bolti. Klipu ikifika chini, bolti inaachiwa. Aliyechelewa kuondoa gumba hupata jeraha ambalo Wamarekani walilipa jina la bunduki yenyewe. Baada ya risasi ya nane klipu tupu huruka na mlio mkali wa chuma, na kuna askari walioamini hadi uzeeni kwamba adui alikuwa akiusubiri mlio huo. Katikati ya mizinga na mayowe adui angehitaji masikio ya popo, lakini hadithi haijawahi kuua mtu, kwa hiyo tunaiacha iishi.

Wenzo wa usalama wa Garand uko mbele ya kifyatulio, ndani ya kilinzi chake. Ili uwe tayari kupiga unausukuma mbele kwa kidole kilekile cha kufyatulia. Nani aliona hili ni wazo zuri? Mwandishi ameulizia bila mafanikio. AK imefanya kinyume: wenzo mkubwa wa bati ubavuni kulia, unaoshuka kwa mlio unaosikika hadi ng'ambo ya bonde. Ila wenzo huo una kazi ya pili. Ukiwa juu unaziba upenyo anamotembea kishikio cha bolti, vumbi haliingii. Ukiuteremsha, mlango uko wazi. Wale wanaoizika AK kwenye tope hawasemi wenzo ulikuwa wapi.

SLR, yaani FAL ya Waingereza iliyopiga moja-moja tu, ina urefu wa sentimita 114. Ilifika Kenya na kwingineko kwa njia ya mafunzo ya Kiingereza, na kuruta mfupi aliyeibeba kwenye gwaride alijua maana ya taifa kurithi urefu wa watu wengine. Hata hivyo waliowahi kuitumia huisema vizuri: kishikio cha kukokea kiko kushoto, mkono wa kulia haubanduki kwenye kifyatulio, na risasi yake ya 7.62 inafika kunakotumwa. G3 nayo ni kilo 4.4 na kishikio chake kiko mbele kabisa juu ya mtutu, kigumu. Mwenye kifua chembamba huikoka kwa mwili mzima. SKS ni ya kirafiki zaidi katika kundi hili, kilo 3.85, risasi 10 ndani, singe imekunjwa chini ya mtutu tangu kiwandani, haipotei. Walinzi wa heshima wa Moscow bado huicheza kwata, na kwa kweli hakuna bunduki inayozungushwa vizuri kuliko hiyo. Kasoro yake moja si ya mzaha: pini ya kupigia inaelea bila springi, na ikigandishwa na grisi ya ghalani inaweza kupiga risasi bila mtu kuvuta kitu. Iliyotoka kwenye sanduku husafishwa kabla ya yote.

Nyepesi kabisa ni karabini ya M1 ya Wamarekani, karibu kilo 2.4, iliyotengenezwa zaidi ya milioni 6 kwa ajili ya madereva, wapishi na watu wa nyuma. Kila aliyepewa bunduki nzito aliitamani, na kila aliyeipata alilalamika kwamba risasi yake ni dhaifu.

Kuhusu wanaotumia mkono wa kushoto tutakuwa wafupi kama wahandisi walivyokuwa. SA80 ya Waingereza ya mwaka 1985, yenye magazini nyuma ya kifyatulio, hutupa maganda upande wa kulia karibu na shavu, kwa hiyo haipigwi begani kushoto. Jeshi la Uingereza lilitatua jambo hilo kwa kumfundisha kila mtu kuwa wa kulia.

Kukwama

Tumefika kwenye moyo wa suala, na hapa inabidi tuvunje kiti cha kijiwe. Swali la "bunduki ipi haikwami" lina kasoro ya kimantiki, kwa sababu bunduki haikwami peke yake. Hukwama na risasi zake, na mtu wake, na ofisi iliyoinunua, na mara nyingi ofisi ndiyo inayokwama kwanza.

Chukua ushahidi wa zamani kabisa. Jenerali Manuel Mondragón wa Mexico alikuwa na bunduki ya nusu otomatiki iliyopokelewa na jeshi lake mwaka 1908 na kutengenezwa Uswisi na kampuni ya SIG. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Wajerumani walizinunua zilizobaki, wakazijaribu kwenye mahandaki, zikashindwa na tope. Kijiwe kingeishia hapo: bunduki mbovu. Wajerumani hawakuishia hapo. Walizipeleka kwa wanahewa, ambao wakati huo walikuwa bado wanapigana angani kwa bunduki za mkononi, na kule juu hakuna tope. Bunduki ileile ikawa inafaa.

SVT-40 nayo ina sifa mbili zinazopingana, na zote ni za kweli. Kwa askari wa miguu wa Kirusi waliosajiliwa kwa haraka mwaka 1941 ilikuwa balaa: ina kirekebisha-gesi chenye nafasi tano kinachogeuzwa kwa ufunguo wake maalumu, vipande vingi, na inadai mafuta mara kwa mara. Kwa askari wa majini na wadunguaji waliopata mafunzo ilikuwa bunduki ya kupendwa. Lyudmila Pavlichenko alipigwa picha nayo. Wajerumani walioiteka waliipa namba ya orodha yao na kuitumia kwa furaha. Kilichobadilika ni miezi ya mafunzo kabla ya vita, na miezi hiyo haiwekwi kwenye sanduku pamoja na bunduki.

FAL ilikwama mchangani, na hilo linajulikana. Waisraeli waliichoka baada ya vita ya mwaka 1967 wakaelekea kwenye Galil, ambayo ndani ni AK iliyovaa suti. Waingereza waliochukua FAL walichonga mifereji ya kupitishia mchanga kwenye kibeba-bolti chao. Isitoshe ina kirekebisha-gesi, na askari anayejua kukigeuza huipa bunduki chafu gesi zaidi nayo ikaendelea. Asiyejua huipiga teke. Mwaka 1982 kule Falklands majeshi mawili yalikabiliana yakiwa na FAL pande zote, Waajentina na yao ya kumimina, Waingereza na ya moja-moja, na hakuna upande ulioweza kusingizia bunduki ya mwenzake.

AK haina kirekebisha-gesi. Haihitaji, kwa sababu ni mdokozi asiye na aibu: inachukua gesi nyingi kuliko haja yake tangu kiwandani, kibeba-bolti chake ni kizito, nafasi kati ya vipande ni pana, na risasi yake imechongoka kidogo kuelekea mbele, hivyo inaingia na kutoka chembani bila ubishi. Gharama yake iko wazi kwa yeyote aliyewahi kulenga nayo kwa mbali. Mambo hayo hayo yanayoifanya imeze uchafu ndiyo yanayoifanya itikisike. Waliochagua hivyo walijua walichonunua, na huo ni uamuzi wa kuheshimiwa kuliko visa vyote vya tope.

Halafu ipo M16, yaani AR-15 ya kijeshi, na hapa mzaha wa kitaaluma unapumzika kidogo.

Bunduki ya Stoner ilipofika Vietnam kwa wingi, mwaka 1966 na 1967, ilikuwa na chini ya kilo 3 na sifa ya kisayansi. Ilisemekana haihitaji kusafishwa sana. Vifaa vya kusafishia havikugawiwa vya kutosha. Chemba haikupakwa kromu, na ile ni nchi ya mvua na unyevu, kutu iliingia. Mwaka 1964 baruti ya risasi zake ilikuwa imebadilishwa, kutoka aina ambayo bunduki ilibuniwa nayo kwenda aina nyingine ya punje za mviringo, na baruti hiyo iliacha masizi zaidi na kuiendesha bunduki kwa kasi kuliko ilivyokusudiwa. Maganda yakang'ang'ania chembani. Kuna askari waliouawa wakiwa wanahangaika kulitoa ganda kwa fimbo ya kusafishia, wale waliokuwa nayo. Barua zikaenda kwa wazazi, wazazi wakaenda kwa wabunge. Oktoba 1967 kamati ndogo ya Bunge iliyoongozwa na Richard Ichord ikatoa ripoti iliyosema uzembe wa waliosimamia mpango huo ulikaribia kuwa wa jinai. Tiba ilikuwa ya kawaida kiasi cha kutia hasira: kromu chembani, vifaa vya kusafishia, mafuta, na mafunzo. Mwaka 1968 jeshi likatoa hata kijitabu cha katuni kilichochorwa na Will Eisner, na msichana wa kuchora akiwaelekeza vijana namna ya kuifungua na kuipangusa.

Sasa linganisha na Mpulizaji mwenzake. MAS 49 ya Wafaransa, nayo bila pistoni, nayo gesi yake inapulizwa nyuma na masizi yake, ilipitia Algeria na kuacha sifa ya bunduki isiyosumbua. Ni kweli bomba lake linamwagia gesi mbele ya kibeba-bolti na si ndani yake, na hilo linasaidia. Lakini anayesema "mfumo wa kupuliza ni mbovu" anapaswa kutueleza Mfaransa alitumia uchawi gani mchangani. Hakutumia. Aliipa bunduki risasi iliyobuniwa nayo.

Kwa hiyo makala haya yanapendekeza madaraja matatu ya kukwama. La kwanza ni la chembani, ambalo kuruta hulitatua kwa kukoka upya. La pili ni la mikononi, ambalo afande hulitatua kwa adhabu. La tatu ni la ofisini, halina kishikio cha kukokea, na dalili yake ya mapema ni barua inayosema kwamba kifaa kipya hakihitaji matunzo. Tukiziweka bunduki zetu zote kwenye jedwali la madaraja hayo, Wadokozi na Wasiodokoa huchanganyikana kabisa, na koo tulizozijenga kwa taabu hazitabiri karibu chochote. Mwandishi anatambua kwamba hili linabomoa theluthi mbili za makala yake, na anaomba zihesabiwe kama msingi wa nadharia.

Mfano safi wa daraja la tatu haumhusu askari wala tope. John Garand alikuwa mtumishi wa serikali, kwa hiyo haki za ubunifu wa M1 zilikuwa za serikali. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 5, Jenerali Patton akazisifu kuwa silaha bora kuliko zote zilizopata kubuniwa, na Garand akaendelea kupokea mshahara wake wa karakana hadi alipostaafu mwaka 1953. Muswada wa kumpa zawadi ya dola 100,000 uliwahi kupelekwa kwenye Bunge la Marekani. Ulikwama.